Fundi Pankrasi Anayekataa Pedi za Boksi Jekundu

SAA moja kasoro robo asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Juni 1996, baridi ya Songea inauma mpaka kwenye kucha, na fundi Pankrasi Nyoni ameshakasirika.

“Zima hilo liredio!” anafoka. “Unaniletea gari linalolia, halafu unaniletea na muziki juu yake. Nisikilize kipi sasa?”

Swalehe, dereva wa pikapu ya Pijo 504 inayobeba abiria kati ya Songea na Madaba, anazima redio haraka. Ametoka stendi dakika kumi zilizopita na watu kumi na wanne. Badala ya kushika barabara ya Njombe, amekata kona kuingia hapa Mfaranyaki, kwenye uwanja wa vumbi ambao Pankrasi anauita gereji. Mbele, upande wa kushoto, kuna kitu kinakwaruza. Amekisikia tangu jana.

“Tangu jana!” Pankrasi anamtolea macho. “Na leo ukapakia watu?”

Swalehe anaangalia usukani wake.

“Haya, mshuke wote. Na mizigo yenu mshushe.”

Hapo ndipo kelele zinapoanza. Wameshalipa nauli, wamechelewa, tangu lini fundi akaamuru abiria? Anayepiga kelele kuliko wote ni Bibi Verediana Mapunda, mwenye miaka sitini na ushei, aliyekumbatia boksi lenye gauni jeupe la mjukuu wake. Kesho mtoto anapata komunyo ya kwanza kule Madaba.

“Padri hatamsubiri mtu kwa sababu ya breki zenu,” anasema.

“Shikamoo, mama. Utafika. Lakini shuka kwanza,” Pankrasi anamjibu, sauti imeshuka kidogo kwa sababu ya ile shikamoo. Kisha inapanda tena kwa wengine. “Shukeni! Springi zinalia, mbao zinalia, na nyie mnalia. Mimi nataka kusikia breki tu.”

Mwandishi wa makala haya alikuja Mfaranyaki kuzungumza na mafundi waliopunguzwa kazi katika mashirika ya umma. Alitegemea kusikiliza malalamiko huku akinywa chai. Akakuta haya.

Pankrasi ana miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana, ovaroli lake la bluu limefifia mpaka halina rangi. Anavua ndala. Anaweka kiganja cha kushoto juu ya bonati, karibu na tairi la mbele, na kumwambia Swalehe aondoe gari kwa gia ya kwanza, polepole, kuzunguka uwanja. Yeye anatembea pembeni, miguu mitupu, kichwa kimeinama upande wa gurudumu.

“Twende. Usikanyage bado. Usikanyage! Sasa kanyaga. Achia. Kanyaga tena.”

Hata asiyejua kitu anasikia. Gari likienda lenyewe, kimya. Swalehe akigusa breki tu, kinatoka kitu kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua kwa kijiko cha chuma.

Anamrudisha Swalehe mara tatu, halafu anamfundisha mwandishi kana kwamba anamgombeza.

“Andika. Kelele ikiwepo muda wote, ukanyage usikanyage, pengine ni kijiwe kimenasa nyuma ya diski. Unakitoa kwa bisibisi, unaenda zako. Ikiwa ni muungurumo unaobadilika ukikata kona, hiyo ni beringi. Kamlio kembamba kama filimbi, pedi inakwambia naisha, nibadilishe. Lakini hii inayokwaruza ukikanyaga tu,” anapiga bonati kwa kiganja, “hii pedi imekwisha. Ni chuma kinasaga chuma. Na huyu bwana alitaka kuteremka nayo Lukumburu.”

Lukumburu ni ile milima iliyo kwenye barabara ya Njombe. Madereva wa Songea wanaijua, na wengi wana tabia moja wakifika pale: wanaachia gia, gari linaporomoka fri, eti kuokoa mafuta. Injini haisaidii tena kulishikilia gari. Uzito wote wa watu na mbolea na magunia unabaki kwa vipande vinne vya pedi vya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

“Unatupa fri?” fundi anamuuliza dereva.

“Kidogo tu, kaka.”

“Kidogo! Mteremko mzima ni kidogo?”

Jeki inaingia. Tairi la kushoto linatoka, na abiria ambao dakika tano zilizopita walikuwa wanamtukana wanasogea kuangalia. Pankrasi anatoa pedi ya ndani na kuinyanyua juu. Haina nyama. Kimebaki kibati kinachong’aa, na diski ya gari imechimbwa mistari. Anamwita Bibi Verediana apitishe kidole.

“Mh! Ni matuta kabisa,” bibi anasema, na kuurudisha mkono wake haraka kwenye boksi la gauni.

Pedi ya nje, ya tairi lile lile, bado ina nusu. Pankrasi anatikisa kichwa. Pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, zimeganda kwa kutu na vumbi, kwa hiyo pedi moja imefanya kazi ya mbili. Pini anaweza kuzisafisha kwa nusu saa. Anahamia upande wa kulia, anafungua tairi na kuinama. Anapitisha kidole kwenye pedi. Kidole kinatoka cheusi na chenye mafuta.

“Swalehe. Hii ni nini?”

Dereva anakuna shingo.

“Swalehe, nakuuliza. Nani kapaka grisi kwenye breki?”

“Mimi,” anasema hatimaye. “Ilikuwa inapiga kelele wiki iliyopita, abiria wananung’unika. Madereva wote wa njia hii tunapaka, kaka. Nilipaka kwa nyuma tu, siyo usoni.”

“Na breki ikipata moto grisi inafanya nini? Inakaa palepale inakusubiri?” Pankrasi anasimama. Mishipa ya shingo imemtoka. “Gari linakwambia naumwa, wewe unaliziba mdomo! Wewe una akili kweli?”

Swalehe, kijana wa miaka thelathini mwenye watoto wawili, anafuta macho kwa mkono wa shati. Anasema ni vumbi.

Hasira hizi Pankrasi hakuzaliwa nazo, na wanaomfahamu wanasema zamani alikuwa mcheshi. Alijifunza ufundi Peramiho, na mwaka 1975 akaajiriwa katika karakana ya kampuni moja ya umma ya usafirishaji hapa Songea. Alikaa miaka kumi na minane, kumi kati yake akiwa mkuu wa kitengo cha breki. Hakuna lori lililotoka getini bila saini yake.

“Spea zilikuwa shida, sikatai,” anasema. “Unaweza kungoja pedi miezi mitatu. Lakini lori lilingoja na wewe. Hakuna aliyesema twende hivyohivyo.”

Mwaka 1993 kampuni ilipunguza wafanyakazi, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa. Pankrasi alitoka na barua, boksi la spana na mkono wa kwaheri. Sasa kwa siku nzuri anapata shilingi elfu mbili, tatu zikizidi sana, na watoto wake wawili wako sekondari, ambako wazazi tumeambiwa tuchangie gharama. Uwanja anaofanyia kazi si wake. Ni wa mfanyabiashara Rupert Haule, mwenye duka la spea lililo mbele yake. Kodi yake ni ya namna yake: Pankrasi anatengeneza magari matatu ya Rupert bila malipo, na Rupert anamwacha akae.

Hii Pijo ni mojawapo ya magari hayo matatu.

Saa mbili hivi Rupert mwenyewe anatokea, koti la ngozi, kikombe cha chai mkononi. Hana sura mbaya wala sauti kubwa. Aliwahi kuwa mtunza stoo katika karakana ileile, na wawili hawa walikula chakula cha mchana meza moja miaka mingi.

“Kuna nini hapa, mlongo wangu, ndugu yangu? Mbona watu wako chini?”

“Pedi zako zimekwisha. Ulizifunga lini?”

“Wiki tatu zilizopita. Alifunga yule fundi wa Bombambili.” Rupert anaingia dukani na kurudi na boksi jekundu linalong’aa, lenye picha ya gari la mashindano na maandishi ya dhahabu. “Hizi hapa mpya. Funga, watu waende.”

Pankrasi anaangalia lile boksi na wala halipokei.

Loo, hayo maboksi mekundu! Yamejaa maduka yote ya Songea tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Miaka ile tulipanga foleni ya sabuni. Leo kila kitu kipo, kimefungwa kwenye nailoni, na hakuna hata mtu mmoja anayekagua kilichomo ndani. Seti moja ni shilingi elfu nne na mia tano. Pedi halisi haishuki elfu kumi na nane, na ni mpaka uagize Dar es Salaam.

Pankrasi aliyafunga maboksi hayo kwa mikono yake mwenyewe. Novemba 1994, alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kujitegemea, alifunga seti moja kwenye pikapu ya mtu. Siku ya tatu pikapu ile ilimpita barabarani, na akaisikia inakwaruza. Aliisikia vizuri kabisa. Mwenye gari alikuwa na haraka, akampungia mkono, naye akampungia. Alijisemea akirudi nitamwambia.

Haikurudi. Breki zilikatika kwenye mteremko wa Lukumburu, ikaacha barabara ikiwa na mbolea na watu sita. Watano waliumia. Aliyekufa alikuwa Tadei Nyoni, mkulima wa Madaba, mdogo wake Pankrasi wa tumbo moja, ambaye asubuhi ile alikuwa amekunywa chai nyumbani kwa Pankrasi na kuomba lifti.

“Nilisikia,” Pankrasi anamwambia mwandishi baadaye. Hii ni mara ya pekee siku hiyo anapozungumza bila kufoka. “Kazi yangu ni kusikia, na nilisikia, na nikapunga mkono. Mama ananiuliza mpaka leo ilikuwaje, na mimi namwambia ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu gani? Ni mimi.”

Basi ndiyo maana halipokei boksi.

“Sifungi hizi,” anamwambia Rupert.

“Unasema?”

“Sifungi. Nipe pedi za kweli, hata zilizotumika, nifunge. Hizi sifungi.”

“Pankrasi, gari ni langu, uwanja ni wangu, pedi ni zangu. Wewe ni fundi. Funga.”

Kila mtu aliyesimama pale anajua mpango wa kodi ile, na anajua kwamba mtu huyu mwenye ovaroli lililofifia akisema hapana mara nyingine, Jumatatu hana mahali pa kufungulia boksi lake la spana.

Pankrasi hasemi hapana. Anachukua boksi jekundu mkononi mwa Rupert, anachana nailoni, anatoa pedi moja. Kisha anakwenda kwenye sanduku lake na kutoa pedi nyingine, kuukuu, yenye nyama nyembamba, ambayo ameihifadhi tangu enzi za karakana. Anaelekea pembeni ya uwanja, kwa Walburga, mama anayeuza chai na maandazi.

“Shemeji, niondolee birika hapo kidogo.”

“Utanimalizia mkaa wangu wewe,” Walburga anasema, lakini birika anaiondoa.

Pedi zote mbili zinalala juu ya makaa. Rupert anapiga kelele kwamba ile ni mali yake. Pankrasi anamjibu kwamba aikate kwenye mshahara ambao hajawahi kumlipa, na watu wanacheka, cheko fupi la woga. Wanangoja. Moshi unaanza kutoka kwenye pedi mpya, mweupe, unanuka gundi. Walburga anaziba pua na kufunika maandazi yake.

Zikipita dakika kama saba hivi, Pankrasi anaichukua pedi kuukuu kwa koleo na kuigonga kwenye jiwe, mara tatu, kwa nguvu. Inalia ngongongo, nzima. Anachukua ile mpya. Anaigonga mara moja. Nyama yote inaachana na kibati, inaanguka chini, inameguka vipandevipande kama ukoko.

“Lukumburu breki inakuwa moto kuliko jiko la shemeji,” anasema akiwageukia abiria. “Mmeona wenyewe. Mnaotaka kupanda, pandeni.”

Rupert uso umemwiva. “Mimi nina leseni! Nanunua Kariakoo kama wenzangu wote, mimi sitengenezi pedi! Nikileta za elfu kumi na nane zinakaa rafuni mwaka mzima. Ninyi wenyewe mkija mnasema nipe ya rahisi. Uongo?”

Si uongo. Wapo pale wenye baiskeli na vigari vyao ambao wanaangalia chini. Lakini Pankrasi hamwachi.

“Na leseni yako imesema uuze vumbi lililogandishwa kwa gundi? Rupert, tulikaa karakana moja. Wewe siyo mshamba wa pedi. Wewe unajua!”

Hapo Swalehe, ambaye muda wote amesimama nyuma ya watu, anatembea mpaka mbele ya tajiri wake na kumpa ufunguo wa gari kwa mikono miwili.

“Bosi, nimekosa mimi, grisi nilipaka mimi. Lakini fundi akupe tu hizo pedi, zifungwe na mtu mwingine, halafu endesha wewe mpaka Madaba. Mimi nitakaa pembeni yako.”

Rupert anaupokea ufunguo. Anaitazama Pijo, anawatazama abiria, analitazama jiko linalofuka.

“Mimi nina duka la kuangalia,” anasema.

“Ahaa!” Bibi Verediana anaruka na boksi lake. “Kumbe na wewe unaogopa! Sisi ndio wa kupeleka huko, siyo? Nirudishie nauli yangu!”

Kumi na wanne wote wanamzunguka Rupert wakidai nauli, na anawarudishia, mmoja mmoja. Bibi anaondoka kwa miguu kurudi stendi kutafuta basi la saa sita. Kabla hajaenda anamshika Pankrasi mkono na kusema atamwombea katika misa ya kesho. Fundi anamwambia aangalie kwanza basi lenyewe likoje.

Umati ukishatawanyika, Rupert anarudi, sauti yake ya chini ileile ya mwanzo. “Jumatatu nisikukute hapa.” Ufunguo wa Pijo umebaki mfukoni mwake, na Swalehe ameelewa kwamba naye hana kazi tena.

Jumatatu mwandishi anarudi Mfaranyaki. Boksi la spana, jeki, benchi na tairi mbili za kukalia viko juu ya mkokoteni, na anayeuvuta ni Swalehe, dereva asiye na gari. Pankrasi anasukuma kwa nyuma. Mkewe, Kunegunda, amekuja na kitenge mabegani na hafichi kitu.

“Nimekasirika, nikudanganye?” anasema. “Ada ya Julai haijulikani itatoka wapi. Nilimwambia ungefunga tu, mbona wenzako wanafunga. Akaniambia, haya, nenda wewe kamweleze mama. Ningemweleza nini?”

Na kuna habari nyingine, ambayo mwandishi anaiandika akiuma meno. Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, fundi mwingine aliitwa. Alifunga pedi za boksi jekundu. Pijo imepata dereva mpya, na asubuhi hii iko stendi, inaita abiria wa Madaba. Hakuna ofisi iliyoikagua. Mwandishi alikwenda kuuliza katika ofisi mbili na kuambiwa katika zote mbili kwamba suala hilo ni la ofisi nyingine.

Pankrasi anaijua habari hiyo. Ameuacha mkokoteni, anafuta jasho, anatazama upande wa barabara ya Njombe.

Anahamia pale mji unapoishia, kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao. Karani wa kizuizi, Bwana Egidi, amemkubalia kusimamisha kibanda cha mabati kando ya mti wa kuzuia magari. Wateja hakuna huko, wala duka la spea, wala hata mahali pa kuchota maji. Mwandishi anamuuliza kwa nini basi achague pale.

“Kwa sababu kila gari linalokwenda Lukumburu lazima likanyage breki pale,” anasema. “Basi, lori, hiyo Pijo, yote. Mbele ya masikio yangu. Nitakuwa nimekaa. Nikisikia linakwaruza, mti haunyanyuki mpaka abiria wameshuka na kuona kwa macho yao. Egidi tumeshaongea.”

Ana matumaini kwamba wenye magari wakiaibika mara mbili tatu mbele ya abiria wao, watatafuta pedi za kweli, na wakizitafuta, maduka yatazileta. Anakusudia pia kuwatoza wanaotaka kukaguliwa kwa hiari shilingi mia mbili, ili ada ipatikane. Kuhusu wasiotaka, anajua watakachomfanyia.

“Watanitukana sana,” anasema Pankrasi, na kuushika tena mkokoteni. “Wacha watukane. Watanitukana gari likiwa limesimama.”